Bakteria wa Bogoria, jinzi za Kariakoo: Faida iko kiwandani, si ziwani

MUUZAJI wa jinzi wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hauzi kitambaa peke yake. Anauza pia mpauko. Suruali mbili zinaweza kuwa za pamba ile ile na mshono ule ule, lakini iliyopauka mapajani na kulainika kana kwamba imevaliwa miaka miwili ndiyo mteja anayoishika kwanza, na ndiyo muuzaji anayoipandishia bei. Mambo ni hayo hayo kwa mzigo mpya unaoshushwa katika maghala ya Kariakoo na kwa marobota ya mitumba yanayofunguliwa Karume.

Ni wachache wanaojiuliza mpauko huo umetoka wapi. Hautokani na jua wala na uchakavu. Unatengenezwa kiwandani, na moja ya nyenzo kuu za kuutengeneza ni kimeng'enya, yaani protini ambayo bakteria na kuvu huitumia kusaga chakula chao. Kisa kimojawapo kikubwa cha kibiashara kuhusu vimeng'enya vya aina hii kilianzia hapa jirani, katika Ziwa Bogoria, nchini Kenya.

Kisa hicho kinawahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wa Dar es Salaam kwa sababu kinaonyesha bila kificho mahali faida inapokaa na mahali isipokaa. Wengi wamekisoma kama kisa cha wizi. Somo lake la biashara ni chungu zaidi ya hapo: hata kama hakuna aliyeiba chochote, mwenye ziwa asiye na maabara, asiye na hataza na asiye na kiwanda angebaki mikono mitupu.

Mawe yatoka, kimeng'enya chaingia

Pamba ni selulosi karibu tupu, ile ile inayojenga shina la mhindi, jani la mkonge na karatasi ya ofisini. Katika kitambaa cha jinzi, nyuzi za bluu hupakwa rangi ya indigo kwa nje tu, na kiini cha uzi hubaki cheupe. Zamani viwanda vilipotaka mpauko vilizitia suruali katika mashine za kufulia pamoja na mawe mepesi ya volkano. Mawe yalisugua, rangi ikatoka. Lakini mawe hayo yalichana kitambaa, yalikula mashine, yaliacha mchanga mifukoni na kwenye mifereji, na yalishika nafasi ambayo ingejazwa na suruali nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilianza kutumia vimeng'enya vinavyovunja selulosi. Kimeng'enya hushambulia vinyuzi vya juu kabisa vya uzi, msuguano wa kawaida wa mashine huving'oa, na indigo huondoka navyo. Kiasi kidogo tu hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na magunia ya mawe.

Biashara ya sabuni nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1987 kampuni ya Kao ya Japani ilitoa sabuni ya unga iitwayo Attack, yenye kimeng'enya cha kuvunja selulosi kilichotokana na bakteria wanaopenda magadi. Ndani ya beseni au mashine, kimeng'enya cha namna hiyo hukata vinyweleo vinavyosimama juu ya nguo ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Uchafu ulionaswa humo hutoka, na rangi huonekana kama mpya.

Tatizo ni kwamba vimeng'enya vingi ni dhaifu. Joto huviharibu kama linavyogandisha ute wa yai, na ukali wa sabuni, ambayo ina magadi, huviua vingine. Mwenye kiwanda hataki kupoza maji yake ili kukibembeleza kimeng'enya. Anataka kitakachofanya kazi pale pale penye joto na magadi. Joto lina faida nyingine pia: kazi huenda haraka zaidi, na vijidudu vingine vinavyoweza kuchafua mtambo hushindwa kuishi.

Mahali pa kukitafuta kimeng'enya kama hicho ni kwa kiumbe aliyezaliwa katika mazingira hayo. Ndiyo maana wanasayansi wamechota matope na maji katika chemchemi za moto za Kamchatka nchini Urusi, New Zealand na Marekani. Kutoka Kamchatka alipatikana bakteria aitwaye Caldicellulosiruptor bescii, ambaye hula selulosi katika joto la nyuzi 75 hivi. Na ndiyo maana walifika Bonde la Ufa.

Dai la Wakenya

Bogoria, katika eneo la Baringo, ni ziwa la magadi. Kandokando yake chemchemi hutokota kiasi cha watalii kuchemshia mayai. Samaki hawaishi humo, lakini heroe hukusanyika kwa maelfu kula mwani unaostawi katika maji hayo makali. Pamoja na mwani huo wamo bakteria waliozoea magadi na wengine waliozoea joto la chemchemi.

Mwaka 1992 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza, akiwemo Profesa William Grant, walikusanya sampuli katika maziwa ya magadi ya Kenya. Bakteria walifugwa maabara, na baadaye kampuni ya Genencor ya Marekani ikawa na vimeng'enya vya kuvunja selulosi vilivyotokana na kazi hiyo, vikiwa na soko katika usindikaji wa jinzi na utengenezaji wa sabuni.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza hadharani na kudai sehemu ya mapato. Shirika lilisema bakteria wametoka katika eneo linalohifadhiwa na kwamba lenyewe halikutoa idhini ya kuwafanyia biashara. Kampuni ilikana kosa. Upande wa wanasayansi ulisema kazi ilifanywa kwa kibali cha utafiti. Dai hilo lilikaa zaidi magazetini na kwenye meza za mawakili kuliko mahakamani.

Kilicholibana dai ni tarehe. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, unaotambua mamlaka ya kila nchi juu ya viumbe vyake, ulifunguliwa kwa saini mjini Rio de Janeiro Juni 1992 na ukaanza kutumika Desemba 29, 1993. Kabla ya hapo bakteria alihesabika kuwa mali ya wote, yaani mali ya yeyote aliyefika na chupa. Kanuni za Kenya zenyewe za kusimamia uchukuaji wa rasilimali za kijenetiki na ugawanaji wa manufaa zilitoka mwaka 2006, miaka 14 baada ya sampuli kuondoka.

Hata hivyo makelele yale hayakwenda bure. Mwaka 2007 KWS iliingia makubaliano na Novozymes ya Denmark, mtengenezaji mkubwa wa vimeng'enya duniani. Makubaliano yalihusu utafutaji wa vijidudu, mafunzo kwa wataalamu wa Kenya, vifaa vya maabara na malipo ya mrabaha. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza Pulpzyme, kimeng'enya kinachopunguza matumizi ya klorini katika kung'arisha rojo la karatasi, ambacho chanzo chake ni kijidudu kutoka Kenya. Makubaliano hayo yanaonyesha kuwa mlango wa mazungumzo unafunguka pale mwenye mali anapokuwa na ofisi inayojua anachodai.

Mwenye ziwa ni nani?

Serikali inapodai mrabaha, swali la pili hufuata mara moja: nani atalipwa? Kabla Bogoria haijawa hifadhi ilikuwa malisho na mahali pa ibada pa Waendorois, jamii ya wafugaji. Kuanzia mwaka 1973 waliondolewa ili kupisha hifadhi. Walipeleka shauri mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2003, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa haki. Miongoni mwa mapendekezo ya Tume ni kwamba Kenya iwalipe Waendorois mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi zinazofanyika katika eneo lao.

Kwa mwekezaji, hili si jambo la huruma tu. Ni suala la usafi wa hatimiliki. Anayenunua kiwanja Kariakoo bila kujua kama ndugu wa marehemu wamekubaliana hununua kesi. Vivyo hivyo, kampuni inayosaini na wizara bila wenyeji kuwapo mezani imenunua mgogoro utakaoibuka bidhaa itakapoanza kuuza. Wenyeji wakiwemo tangu mwanzo, mkataba unakuwa na thamani kwa pande zote.

Tajiri naye hukosa

Wapo wanaodhani mambo haya huzikuta nchi maskini tu. Sivyo. Mwaka 1966 bakteria aitwaye Thermus aquaticus alichukuliwa katika chemchemi ya moto ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Kimeng'enya chake, ambacho si cha selulosi bali cha kunakili vinasaba, kikawa msingi wa vipimo vinavyotumika katika maabara za hospitali na polisi dunia nzima. Mwaka 1991 kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi ilinunua haki za teknolojia hiyo kwa dola milioni 300. Hifadhi haikupata kitu.

Yellowstone ilijifunza. Mwaka 1997 iliingia mkataba na kampuni ya Diversa kwa dola 100,000 katika muda wa miaka mitano, pamoja na sehemu ya mapato ya bidhaa ambazo zingepatikana. Linganisha dola 100,000 na dola milioni 300. Hiyo ndiyo tofauti kati ya bei ya mali ghafi na bei ya teknolojia iliyokamilika, na haikupungua hata mwenye mali ghafi alipokuwa taifa tajiri kuliko yote.

Tanga ilivyofaidi mali ya watu

Kabla Tanzania haijanyoosha kidole, ifungue kitabu chake yenyewe. Mkonge si mmea wa Tanga. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai Tanganyika ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba ya Tanga na Morogoro, na kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa kwa mwaka na kuongoza duniani. Hakuna rekodi ya mrabaha kwenda Mexico.

Mfano huo haumtakasi aliyechukua bakteria wa Bogoria, kwa sababu zama za ukoloni si kipimo cha haki. Lakini unathibitisha kanuni moja ya soko. Aliyefaidika na mkonge ni mwenye shamba, mwenye reli, mwenye korona na mwenye mnunuzi. Asili ya mmea haikulipa senti. Waliotegemea asili peke yake walikosa wakati ule, na watakosa tena sasa.

Mkonge huo huo una somo la pili. Singa ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wa jani. Kinachobaki hutupwa kama maji machafu na makapi, nayo yamejaa selulosi. Mwaka 2008 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Hale, Tanga, chini ya Katani, kuzalisha biogesi na umeme kutokana na mabaki hayo. Kazi ndani ya mtungi wa biogesi hufanywa na vijidudu: kwanza wanaovunja selulosi na mabaki mengine, kisha wanaotoa gesi. Hatua ya kuvunja selulosi ndiyo huenda polepole, na ndiyo ambayo bakteria wapenda joto wanaweza kuiharakisha.

Hapo ndipo Tanzania ina nafasi yake ya kweli. Nchi ina makapi ya mkonge Tanga, makapi ya miwa Kilombero na Mtibwa, mabua ya pamba Kanda ya Ziwa, na chemchemi za moto kuanzia Songwe hadi Amboni. Mali ghafi na kijidudu cha kuila vipo katika nchi moja. Kinachokosekana ni mtu wa kati, yaani maabara inayofuga kijidudu, inayopima kimeng'enya na kukiuza kwa kiwanda kilichoko umbali wa siku moja kwa lori.

Natron isihesabiwe kwa tani za magadi tu

Ziwa Natron, mkoani Arusha, ni ndugu wa Bogoria kwa joto na magadi, na ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi huko, ukihusisha Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Ulipingwa vikali na watetezi wa mazingira, na Tata ikajiondoa. Mjadala ulikuwa hasa kati ya tani za magadi na uhai wa heroe. Akiba ya vijidudu ilitajwa kwa nadra, kwa sababu haipimwi kwa mizani ya bandarini.

Akiba hiyo nayo haina dhamana ya kudumu. Tangu miaka ya 2010 maji ya Bogoria yamepanda na kufunika baadhi ya chemchemi zake. Kisichofugwa maabara leo huenda kesho kisipatikane.

Sheria ya dunia imesogea. Itifaki ya Nagoya, inayotaka idhini ya nchi na makubaliano ya mgawo kabla rasilimali ya kijenetiki haijatumika, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Tanzania imejiunga nayo. Lakini teknolojia imesogea haraka zaidi. Siku hizi si lazima chupa ya tope ivuke mpaka. Mtafiti husoma vinasaba vya kijidudu, huviingiza kwenye kompyuta, na kiwanda cha bara jingine hutengeneza kimeng'enya kutokana na maandishi hayo. Mwanga wa tochi ya afisa wa forodha hauoni kitu.

Kwa ajili hiyo Mfuko wa Cali ulizinduliwa Februari 2025. Kampuni kubwa zinazonufaika na taarifa za vinasaba zinatakiwa kuuchangia kwa kiwango elekezi cha asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Lakini mchango ni wa hiari. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua ushuru wa hiari hukusanya kiasi gani.

Tahadhari kwa mwekezaji mdogo

Habari za aina hii huwavutia watu wenye akiba ndogo na hamu kubwa. Atakayekuja na karatasi za rangi akiuza hisa za "dhahabu ya vijidudu" aulizwe maswali matatu: hataza ni ya nani, kimeng'enya kinatengenezwa wapi kwa tani, na mnunuzi gani amesaini mkataba. Akikosa jibu la moja, fedha zibaki benki.

Hata wakubwa wameungua. Marekani ilijenga viwanda vya kugeuza mabua kuwa mafuta ya ethanoli kwa kutumia vimeng'enya vya kuvunja selulosi. Kiwanda cha Abengoa cha Hugoton, Kansas, kilifunguliwa mwaka 2014 na kufikia mwaka 2016 kilikuwa katika ufilisi. DuPont, ambayo mwaka 2011 ilikuwa imeinunua Danisco pamoja na Genencor yake, ilifungua kiwanda chake Nevada, Iowa, mwaka 2015 na mwaka 2017 ikatangaza kukiacha. Sayansi ilifanya kazi. Kilichogoma ni hesabu: gharama ya kukusanya mabua, bei ya vimeng'enya, na mafuta ya kawaida yaliyoshuka bei.

Kwa upande mwingine, Soko la Hisa la Dar es Salaam lina mfano wa nyumbani wa mali ya ardhi ya volkano iliyogeuzwa biashara ya kawaida. TOL, kampuni ya kwanza kuuzwa hisa zake sokoni hapo mwaka 1998, huvuna gesi ya kaboni kutoka ardhini Rungwe na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Gesi ile ilikuwa ikitoka bure tangu enzi. Thamani ilipatikana pale ilipotiwa katika mitungi, ikapimwa usafi na kupata mnunuzi wa kila wiki. Kimeng'enya hakiwezi kuwa na njia tofauti.

Kinachotakiwa hakihitaji miujiza. Kwanza, kibali chochote cha utafiti kinachotolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa ajili ya chemchemi za moto na maziwa ya magadi kidai nakala ya kila kijidudu ibaki katika maabara ya nchini, na kidai taarifa za vinasaba pia. Pili, jina la taasisi ya Tanzania liwe kwenye hataza tangu siku ya maombi, kwa sababu mwenye hataza hukaa mezani na mwenye malalamiko husubiri mlangoni. Tatu, wenyeji, kama Wamasai wa Engare Sero kandokando ya Natron, wasaini mwanzoni. Nne, wenye viwanda vya sukari, mkonge na nguo waseme wanahitaji kimeng'enya gani na watalipa kiasi gani, ili watafiti wa vyuo vikuu watafute kinachouzika badala ya kutafuta sifa.

La nne ndilo zito kuliko yote na ndilo lililo mikononi mwa sekta binafsi. Bila mnunuzi wa ndani, kijidudu bora kuliko wote wa Natron kitapanda ndege kama kilivyopanda cha Bogoria, safari hii kikiwa na kibali halali na mihuri yote. Kitarudi bandarini kikiwa ndani ya sabuni na jinzi, na Kariakoo italipia usafiri, ushuru na mpauko.